Ncha ya Pini

Valentin Mlekuž ameileta ndani ya blanketi la farasi,
akaipitisha mlangoni kitako mbele,
kama mtoto aliyegeuka tumboni.
Bunduki ya babu wa baba yake. Mannlicher, chuma cha Steyr,
mwaka elfu moja mia tisa kumi na tatu.
"Shule inaitaka," anasema. "Ukutani, kando ya ramani.
Mwalimu Silva ameshapigilia misumari."

Sawa. Lakini Bovec nzima inajua:
silaha haiingii penye watoto
mpaka ipite kwa Jerica, binti Kravanja,
mwenye kekee na moto.

Kazi ni ile ile. Nimeifanya mara arobaini na moja.
Unaibana kwenye jiliwa, ngozi katikati, mbao isije ikachubuka.
Unatoboa kasiba, tundu baada ya tundu,
unasukuma nondo ya chuma kigumu hadi kooni,
unachomelea chemba mpaka risasi haina pa kulala,
unaukata uso wa bolti mshazari,
unaifupisha pini.
Nje inabaki vile vile: mti wa mjozi, mkanda, kutu ya heshima.
Baba alizoea kusema tunawang'oa wazee meno
kisha tunawaomba watabasamu wapigwe picha.

Leo nimeanza na bolti. Mafuta yameganda, meusi kama lami.
Nikaichomoa pini, nikailaza kwenye kitambaa,
nikashika tupa.
Nikaiweka tupa chini.

Ncha haikuwapo.

Haikuvunjika; kilichovunjika huacha kidonda.
Hii ilisagwa. Taratibu, kwa jiwe la kunolea pengine,
mikwaruzo myembamba imelalia kushoto, yote,
kazi ya mtu mwenye usiku mrefu
na hofu ya kusikika.
Milimita mbili. Basi.

Majira mawili ya theluji kule juu Rombon,
afisa anapita nyuma yao handakini,
wenzake wanafyatua, naye anafyatua,
ta,
kama mtu avunjaye kijiti jikoni,
nani angeusikia humo?
Anavuta bolti, risasi nzima inarukia thelujini,
anaikanyaga.
Ng'ambo, mita themanini, Mwitalia fulani
anakohoa, anajikuna, anazeeka.

Au sivyo. Huenda aliisaga siku aliyoificha darini.
Huenda ni mwanawe, aliyechoka kuona watoto wakiichezea.
Chuma husema lililotendeka; lini, kwa nini,
hicho chuma hakisemi.

Namwita Valentin. Anavaa miwani, anaivua, anaivaa.
"Nyumbani tulimcheka," anasema. "Bibi alikuwa akituambia
Jože wetu alipigana miaka miwili
asimpate hata sungura."
Kisha akanyamaza, stovu ikabaki kusema peke yake.

Nimechomelea. Sheria haijui milimita mbili za mtu mwingine.
Kasiba imezibwa, chemba imejaa, muhuri umegongwa.
Pini tu nimeirudisha bila kuigusa:
nimeipima mara tatu,
ni fupi kuliko inavyodai sheria.

Halafu fomu. Tarehe ya kuondolewa uwezo: nafasi moja.
Jina la fundi: nafasi moja.
Nimeandika ya leo. Nimeandika langu.
Mwalimu Silva atataka maneno ya kibao; ayatafute mwenyewe,
mimi nimeshindwa hata na nafasi hizi mbili.
Valentin akatia sahihi kwa mkono wa shoto,
herufi zake zimelala
upande ule ule wa mikwaruzo.
Sikumwambia.

"Kiasi gani?"
Nikamtajia nusu.
"Mbona nusu?"
"Sehemu ya kazi nimeikuta imeshafanywa."

Akaibeba uani mikononi, mdomo chini, waziwazi,
jirani Pavla akimtazama kutoka dirishani.
Blanketi amelisahau. Bado linanuka farasi.